Mahindi Yakifika Magotini Tena

Kila asubuhi Chepkemboi alichuma maua ya pareto. Shamba lilikuwa la mzungu, juu kidogo ya Molo, mahali ambapo vidole hufa ganzi kwa baridi kabla kikapu hakijajaa. Mume wake, Kipketer, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba hilo. Kwa sababu ya kazi hiyo walipewa nyumba na mahali pa kulima mahindi kidogo. Walikuwa na watoto watatu. Maisha hayakuwa mazuri, lakini walikuwa wameyazoea.

Jioni moja, mahindi yakiwa yamefika magotini, Kipketer na jirani yake walikuwa wakirudi kutoka stesheni. Walitembea kando ya barabara, kwenye majani, kama watu wenye akili. Lori la mbao likaja kwa kasi, likaacha barabara, likawafuata huko huko majanini. Wote wawili walikufa pale pale. Yule jirani alikuwa mume wa Jepkoech.

Dereva aliitwa Kipkemei, kijana wa Sachangwan. Polisi walimshika na korti ikamfunga. Watu wa shamba wakasema basi, kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Shika neno hilo, msomaji, maana watu wa shamba lile hawakulishika.

Baada ya mazishi, Hezekiah, baba yake Kipketer, aliwaita wale wajane wawili. Hezekiah alikuwa mzee wa kanisa, lakini katika mambo ya damu alifuata njia ya baba zake.

"Tutangoja," alisema. "Aliyeua ndiye anakuja. Wazee wa ukoo wa Kipkemei watakuja na nyasi mkononi, waombe tukae chini tuongee juu ya ng'ombe za kulipa damu. Sisi hatuendi kuuliza. Mtu akienda kuuliza, ameuza damu ya mtu yake."

Simcheki Hezekiah. Desturi hiyo ilizuia watu wengi kuuana kwa kisasi. Lakini zamani mkuki ulikuwa wa yule aliyeurusha. Lori hili lilikuwa la tajiri mmoja wa Nakuru, na hakuna mtu aliyemfikiria hata siku moja.

Basi wakangoja. Mahindi yalikomaa, yakavunwa, yakaliwa. Wazee hawakuja. Chepkemboi alilala na njaa mara nyingi ili watoto wale. Mtoto wa kwanza, Chelangat, aliacha shule akaenda kuchuma pareto pamoja na mama yake.

Mvua za kupanda zilipoanza, nyapara alisimama mlangoni.

"Mama, nyumba hii ni ya mkamuaji. Mzungu amepata mwingine. Amesema upande mahindi yako, uvune, halafu utoke."

"Niende wapi na watoto?"

"Hiyo hakuniambia."

Alhamisi moja baada ya kupanda, Chepkemboi alikwenda kanisani, kwenye klabu ya akina mama. Mwalimu wao wa kushona alikuwa Anyango, mke wa mfanyakazi wa reli. Anyango aliona Chepkemboi ameshona mkono wa gauni ukafungwa kabisa. Hakumgombeza. Alimwita nje.

"Mama Chelangat, nini inakusumbua?"

Chepkemboi alimweleza yote. Anyango alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mwenye lori amesema nini?"

"Mwenye lori? Hakuwa ndani ya gari."

"Hata kama hakuwa. Dereva alikuwa kwa kazi yake. Kaka yangu ni karani wa wakili huko Nakuru, na mambo haya tunayasikia kila siku. Dereva akiua mtu akiwa kazini, mwenye gari anaweza kudaiwa. Na gari lazima liwe na bima. Kompani ya bima inaweza kulipa fidia kwa mjane na watoto."

"Lakini kesi ilikwisha. Kipkemei alifungwa."

"Ile ilikuwa kesi ya serikali. Serikali ilimfunga kwa kosa lake. Haikukuuliza watoto wako watakula nini. Kesi ya watoto wako ni nyingine, na hiyo haijafunguliwa." Anyango akashusha sauti. "Mume wako alikufa lini?"

"Mahindi yalikuwa magotini."

Anyango alitazama shamba lililokuwa nyuma ya kanisa. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza.

"Basi huna muda. Wakili anasema kwa kifo kama hiki sheria imetoa mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, korti haikusikilizi, hata kama kijiji kizima kinajua umedhulumiwa. Mahindi haya yakifika magotini, mlango umefungwa."

Chepkemboi alihisi hasira, na hakujua amkasirikie nani. Karibu mwaka mzima alikuwa amekaa mlangoni akiwatazamia wazee wenye nyasi.

"Kuna jambo lingine," Anyango akasema. "Mlioana kimila, hakuna cheti. Wakili atataka mzee wa upande wa mume aseme mbele ya korti kwamba wewe ni mke wake kweli."

Mzee huyo alikuwa Hezekiah.

Jioni Chepkemboi alimpikia uji, akakaa mbali kidogo kama inavyompasa mke wa mwana, akasema yote. Hezekiah hakuugusa uji.

"Unataka niende Nakuru niuze mtoto yangu kwa Mhindi wa bima?"

"Baba, nataka wajukuu wako wasilale barabarani."

"Wazee watakuja."

"Hawajaja, baba. Nenda wewe uwaulize kwa nini."

Hakuna mke wa mwana aliyewahi kusema naye hivyo. Mzee aliinuka akaondoka. Lakini usiku hakulala, na kulipopambazuka alichukua fimbo yake akaenda Sachangwan. Moyoni alikuwa na aibu, kwa kuwa yeye, mwenye damu, ndiye aliyekuwa akitembea.

Alimkuta baba yake Kipkemei amekaa mbele ya kibanda. Zizi lilikuwa tupu, limeota majani.

"Nilijua utakuja kunilaani," yule mzee akasema. "Ng'ombe zangu wazungu walizimaliza, wakisema ni nyingi kwa shamba lao. Sina hata ndama. Nilitaka kuja, lakini niliona haya kuja mkono mtupu. Ukoo wangu wote uko hivi."

Hezekiah alikaa chini kando yake.

"Mwanangu aliua," mzee akaendelea. "Sikatai. Lakini lori halikuwa yake. Mwenye lori alinunua lingine, na mbao zinapita hapa kila siku. Yeye hakuja kwangu, na kwako pia hakuja."

Yule mzee aliinuka kwa shida, akang'oa nyasi kidogo pale kwenye zizi tupu, akampa. Hezekiah alizipokea kwa mikono miwili. Alilia njia nzima ya kurudi, wala hakuficha machozi yake kwa watu aliokutana nao.

Alipofika alimwambia Chepkemboi, "Kesho tunaenda kwa wakili."

Chepkemboi alikimbia kwanza kwa Jepkoech. "Twende wote. Muda unaisha."

"Shemeji zangu wamekataa," Jepkoech akasema. "Wanasema watu watasema nimemla mume wangu kwa pesa. Nitangoja kidogo."

Huko Nakuru wakili aliandika madai na kukubali kungoja ada yake. Kaka yake Anyango aliyapeleka kortini siku hiyo hiyo. Siku ya kesi, korti ilimwuliza Hezekiah, "Huyu mwanamke ni nani kwako?" Mzee alisimama wima. "Ni mke wa mtoto yangu. Mimi mwenyewe nilipeleka mahari. Watoto wale watatu ni damu yangu."

Kompani ya bima ilivutana na wakili mpaka mahindi yakavunwa, na familia ikatolewa nyumbani ikajibana katika kibanda cha Hezekiah. Mwishowe kompani ililipa. Korti iliweka sehemu ya watoto kwa ajili ya shule, na Chelangat akarudi darasani. Kwa sehemu yake, Chepkemboi alijenga kwa kaka zake huko rizavu, ardhi waliyotengewa Waafrika, upande wa Litein. Kaburi la Kipketer lilibaki shambani kwa mzungu, na jambo hilo linamwuma mpaka leo.

Jepkoech alikwenda kwa wakili baada ya kufukuzwa nyumbani. Mahindi yalikuwa yamekauka. Lori lilikuwa lile lile, na mume wake alikufa kando ya Kipketer. Wakili alimsikiliza kwa huruma, kisha akamwambia ukweli. Siku hizi anachuma pareto kwa watu, analala na watoto wake ghalani.

Kwa hiyo Chepkemboi amepata tabia ambayo wengi hawaipendi. Akisikia mtu amegongwa na gari, huenda matangani. Hulia na wenzake, kwa kuwa anajua kulia. Kisha humsogelea mjane, kaburi likiwa bado bichi, na kumwuliza, "Gari lilikuwa la nani? Na umeshaenda kwa wakili?"

Watu humwona hana adabu. Hezekiah, akiwapo, huwaambia wanyamaze wamwache aulize.