Viatu vya Grigore

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Karpati nilipowapandisha hifadhini wageni wawili wa Bukareshti, Miruna na mumewe, wakatazame dubu. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nawaketisha kibandani nyuma ya kioo, dubu wanakuja kwenye mahindi tunayowamwagia, watu wanapiga picha, tunashuka.

Jioni ile nilivaa koti na viatu vya Grigore, askari wa hifadhi aliyekufa kabla ya mavuno. Mjane wake, mama Safta, alinipa kwa ajili ya roho yake. Kwetu vitu vya marehemu hupokelewa kwa neno moja: bogdaproste, yaani Mungu amrehemu. Usipolisema, vitu havimfikii, anabaki na baridi yake huko aliko. Mimi nilikuwa mbioni. Nikasema asante.

"Asante ya nini, Doru?" mama Safta aliniuliza. "Kwani mimi ndiye niliyekupa?"

Nilicheka, nikaondoka. Haraka haina baraka.

Kibandani Miruna alitetemeka kwa baridi. Mumewe akamtania, "Si ndiko ulikolilia kuja?" Nikamvika lile koti.

Dubu jike akaja na watoto wake. Walikula kwa fujo, mahindi yakivunjika menoni... kra, kra, kra...

Kisha wakaacha.

Wote waligeukia msituni. Yule jike akaanza kurudi nyuma. Hapo nikasikia harufu ya tumbaku kali, ile ya Grigore.

Mtu alitoka mitini. Shati jeupe la kuzikiwa. Dubu wakampisha. Alikuja hadi kwenye kioo, akasimama mbele ya Miruna huku amejikumbatia.

"Kaka Doru," Miruna alinong'ona, "mzee wa watu anasikia baridi. Tumfungulie?"

"Usiguse mlango."

Kitasa kikazunguka... taratibu...

Alimtaka aliyevaa koti lake, na aliyemvika ni mimi. Nilimvua Miruna lile koti, nikamkabidhi upya mikononi.

"Kwa ajili ya roho ya Grigore. Sema bogdaproste. Sema, dada yangu."

Akasema.

Kitasa kikatulia. Nje, mzee alikuwa amevaa koti.

Na Miruna alikuwa bado amelishika.

Tulishuka upesi, wageni mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nimeanza kushusha pumzi niliposikia hatua nyuma yangu.

Miguu mitupu, kwenye matope.

Nililitamka lile neno. Nikalirudia mpaka ulimi ukakauka. Hatua hazikukoma. Kumbe husemwa mkono unapopokea, baadaye halifai kitu. Nilivivua viatu, nikaviacha njiani, nikakimbia na soksi.

Asubuhi nilivikuta mlangoni kwangu, vimelowa, ncha zikitazama ndani.

Mama Safta hataki hata kuviona. Hapa kijijini habari imeenea, hakuna wa kuvipokea, na kila giza likiingia nasikia mtu akikung'uta matope kizingitini. Jana alikung'utia ndani ya nyumba. Naogopa, sikufichi.

Lakini ni viatu vizuri, ngozi tupu, soli haijalika. Nakupa kwa ajili ya roho ya Grigore. Neno umeshalijua.

Wewe unavaa namba ngapi?