Panya Saba Waliofutwa

Ndugu zangu, nyumba hii mngeiona asubuhi mngeionea wivu. Mke anamsuka binti yake mlangoni, wifi yake anamimina chai, na mume, kaka wa huyo wifi, mtafiti wa dawa za ubongo, amekaa mbele ya kompyuta akihesabu makala zake zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wenzake. Wengine wakiamka hunawa uso. Yeye alianza na namba. Kazini walishambatiza Mzee wa Namba.

Huyo mdogo wake wa kike alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kwa ajili yake ndipo kaka alipoapa kusomea ubongo. Kiapo kilikuwa cha kweli, msije mkamwona mtu mbaya tangu mwanzo. Lakini chuoni kwao cheo kilifuata namba, na yeye akaifuata pia.

Alijaribu kwa panya arobaini wenye kifafa dawa ya zamani ya maumivu, iliyokuwa tayari madukani, aone kama inatuliza kifafa. Thelathini na watatu walitulia. Saba, ilipopita wiki ya tatu, walishikwa na degedege lisilokoma, wakafa. Mzee mtunza panya aliandika yote kwenye daftari la vizimba, kisha akauliza kama hao saba watakuwemo kwenye makala.

"Walikuwa wadhaifu tangu mwanzo," mtafiti alisema. "Nitawatoa."

"Daktari, mimi ndiye niliyekuwa nawalisha. Hawakuwa wadhaifu."

Akawatoa. Makala ikachapishwa kwenye jarida la tiba, ikanukuliwa mara mia, mara mia nne, na cheo kikaja.

Siku moja mdogo wake alirudi kutoka kliniki akicheka. Alikuwa amebadilishiwa dawa, akapewa ile ile ya maumivu. Akaweka mezani nakala ya makala aliyopewa na daktari wake, na juu yake lilikuwa jina la kaka yake.

"Kaka, nilimwambia huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Alisimama akanipa mkono."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja ingetosha. Lakini ingetoka kwa dada ikafika kwa daktari, na kwa daktari ikafika kwenye jarida, na asubuhi ile namba ilikuwa mia tisa tisini na mbili. Zimebaki nane ifike elfu! Akajiambia kwamba saba kati ya arobaini ni wachache, na kwamba binadamu si panya. Akamwambia ale vizuri, asiruke dozi.

Hakuruka hata moja. Siku ya ishirini na nne, saa nne asubuhi, alianguka kwenye cherehani yake. Degedege lilimshika karibu saa nzima. Hakufa, ila aliyeamka hakuwa yule. Vidole havikushika tena sindano, na alimwita kaka yake "bwana", kama mtu aliyekutana naye njiani.

Wodini mtafiti alimweleza mkewe kila kitu. Mke, aliyekuwa akimlisha wifi yake, aliweka kijiko chini.

"Siku ile anaanza kumeza, ulijua?"

"Nilijua."

Mke akageuka, akaendelea kumlisha wifi yake kwa kijiko. Tangu hapo huzungumza na mumewe habari za mtoto tu.

Mtafiti aliliandikia jarida, makala ikafutwa, cheo nacho kikaenda. Alidhani yameisha. Lakini waliokwisha kuisoma wanainukuu bado, na wanaowasoma hao nao wananukuu. Kila asubuhi hufungua kompyuta kama zamani: elfu moja na thelathini, thelathini na moja. Huwaandikia mmoja mmoja akiwasihi waache. Wachache hujibu. Nyuma yake mdogo wake humwuliza kwa adabu, "Bwana, na wewe ni wa nyumba hii?"

Mafunzo

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alificha ya panya, yakamuumbua kwa dada yake. Ukipewa kazi ambayo wengine wataitegemea, andika ulichokiona chote, hasa kile kinachokuaibisha. Sifa si dhambi, ila ukishaanza kuihesabu kila asubuhi, utaona taabu kuipunguza hata kwa moja. Na ukweli una siku yake ya kusemwa. Siku hiyo ikipita, hata uupigie mbiu, hutawafikia wote uliowadanganya.