Chupa Tatu za Daraja la Juu

Kila Jumanne asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Mumba alishuka kwa baiskeli hadi daraja la juu la kijito cha Katamba, kwenye njia ya Kasungami, chupa tatu tupu zikigongana mkobani. Alikuwa msaidizi katika maabara ya kiwanda cha shaba. Kazi yake ilikuwa kuchota maji ya kijito mahali patatu: pale darajani, juu ya bomba la maji machafu la kiwanda; chini ya bomba; na kule mbali wanakolowekea mihogo akina mama. Kisha anayapima na kuandika. Pale darajani palikuwa na kibanda cha Mama Agnès, muuza munkoyo, togwa ya mahindi. Kuna kivuli, kuna munkoyo baridi, kuna stori za mpira. Nani angekuwa na haraka?

Sasa nisikilizeni vizuri, ndugu zangu, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibika kwa kishindo. Njia ya kwenda chini ilikuwa tope tupu na matete ya kukata miguu. Jumanne moja ya mvua Mumba alijaza chupa zote tatu palepale darajani, akaziandika moja, mbili, tatu. Mkuu wake, Citoyen Numbi, "raia" kama watu walivyoamriwa kuitana miaka ile, akasoma "maji safi" mara tatu, akatabasamu ndani ya abakosti yake, koti la wakubwa lisilovaliwa tai. Jumanne iliyofuata mvua haikunyesha, lakini Mumba hakushuka. Ikawa mazoea, na mwaka ukapita hivyo. Mtu mzima huyo, tena baba wa watoto!

Mwezi wa Novemba, Jumapili baada ya misa, dada yake Ngosa alikuja kumwona katika nyumba ya kampuni. Ngosa alikuwa mjane wa Kasungami, mama wa watoto watatu, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini yeye hakujali, alimwita mkubwa wake huyo "yaya", yaani kaka, na jina lake la ubatizo. Alifungua kitambaa, akatoa muhogo mmoja, akaugonga mezani. Ko!

"Yaya Faustin, angaria. Siku nane mu mayi. Siku nane! Iko mugumu sawa mti."

"Pengine haukukaa vizuri majini."

"Eeh! Unanifundisha miye kuloweka muhogo? Zamani siku ine tu, unavunja na vidole. Sasa bamama bote ba kule chini banalia. Mayi inachoma mikono. Ata bachula hatubasikie tena. Weye njo unapimaka ile mayi. Iko na nini?"

Mumba aliusukuma muhogo pembeni. "Mayi iko muzuri. Napima kila Jumanne. Labda ni mbegu yenu."

"Kila Jumanne? Kule kwetu?" Ngosa alimkazia macho. "Na siye hatukuonake?"

"Napita mapema sana, mbele yenu kufika."

Ngosa alicheka, akakunja kitambaa chake. Alimwamini. Angeachaje kumwamini kaka aliyemlea?

Tangu siku ile Mumba hakutulia. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Ugali wake wa bukari aliuacha sahanini, mpaka mkewe akamwuliza kama ana malaria. Jumanne ilipofika alimpita Mama Agnès bila salamu, akashuka kwa miguu hadi chini kabisa. Loo, aliyoyaona! Mawe yalikuwa yamegeuka meupe, matete yamekauka yakiwa yamesimama, na maji yalikuwa ya kijani kama kutu ya shaba. Hakuna samaki, hakuna chura, hakuna hata mbu. Alichovya karatasi ya kupimia asidi, ikawa nyekundu papo hapo. Alirudi maabara, akapima shaba iliyomo, akaandika ukweli wote.

Citoyen Numbi aliisoma karatasi ile, akafunga mlango.

"Citoyen Mumba, hii nikiipeleka kwa bakubwa, bataulizia zile za mwaka muzima. Safi, safi, safi. Nani alisaini?"

"Ni miye."

"Basi. Uko na nyumba ya kampuni, uko na posho, batoto beko ku masomo. Weka mu tiroir."

Mumba akaiweka kwenye saraka ya meza, kwa mkono wake mwenyewe. Jumanne ya pili alipima tena kwa haki, akaweka. Jumanne ya tatu vilevile. Na Ngosa? Hakumwambia. Kumwambia Ngosa ni kuitangazia Kasungami nzima, na kesho yake Mumba yuko barabarani na vyungu vyake. Alijiambia, "Wiki ijayo." Wiki ijayo ikafika, akajiambia tena.

Mihogo ya kule ni ile michungu. Ina sumu, na sumu hiyo hutoka muhogo unapolainika majini; ukibaki mgumu, sumu imebaki. Kila mama anajua. Lakini mahindi mapya yalikuwa bado shambani, ghala karibu zimebaki vumbi, na Ngosa ndiye aliyewatuliza wenzake. "Yaya yangu alipima," aliwaambia. "Mayi iko muzuri. Kama mayi iko muzuri, siku nane inatosha." Wakaanika mihogo migumu, wakatwanga, wakala. Mahindi machache yaliyobaki Ngosa aliwapikia watoto wake. Yeye alikula muhogo, asubuhi na jioni.

Ijumaa ya wiki ile ya tatu Ngosa aliamka kuwasha moto, akaanguka. Miguu ilikuwa imekakamaa, magoti yamebanana, akajikokota kwa mikono hadi mlangoni. "Mawee, miguu yangu!" Mumba alifika mbio, akamfunga kwenye baiskeli kwa kitenge, akaisukuma hadi hospitali. Daktari alimgongagonga magoti, akauliza amekula nini. Kisha akamvuta Mumba pembeni.

"Ni sumu ya muhogo. Maisha yake tutayaokoa. Miguu hii haitarudi kama zamani."

Mumba aliegemea ukuta, akalia kwa sauti, mwanamume mzima mbele ya wagonjwa. Na alistahili kulia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya umma, watu wote wa Kasungami wamekusanywa na majembe kusafisha mitaro. Mjumbe wa komisa, mkubwa wa serikali, alikuja kujibu malalamiko ya akina mama, amebeba zile karatasi za mwaka mzima.

"Kiwanda kimepima kila wiki," alisema. "Maji ni safi. Mwenye kusema mengine anapinga kazi ya taifa."

"Hizo ni bongo, ni uongo!" Mumba alipenya katikati ya watu, mkononi karatasi tatu alizozitoa kwenye saraka. "Niliziandika miye. Chupa zote nilijaza pale ku daraja, sikushukake huku. Za kweli ni hizi. Mayi iko na asidi, iko na shaba, muhogo hailainike, sumu inabakia ndani. Bamama, mihogo iko mu nyumba zenu, musiitwange! Muitupe leo!"

Bibi Chileshe, aliyekuwa jirani wa Ngosa, aliangusha jembe. "Weye? Yaya ya Ngosa?"

Mumba aliinamisha kichwa. Lakini mihogo ilitupwa siku ileile, magunia kwa magunia, na watoto wengi wanatembea leo kwa sababu hiyo. Jumatatu alifukuzwa kazi, na mwisho wa mwezi akatolewa nyumbani. Numbi alibaki kwenye kiti chake. Kiwanda kilileta matangi ya maji kwa miezi miwili, kisha hayakuja tena. Katamba bado ni kijani.

Mumba alihamia na mkewe na watoto kwa dada yake, akawa anabeba mihogo ya nyumba ile kichwani hadi kijito kingine, mwendo wa saa mbili, wanaume wakimcheka njiani. Ngosa alijifunza kutembea kwa fimbo mbili. Wanawake wengine wawili wa mtaa walikuwa wamepooza kama yeye. Jioni moja Ngosa alimwita kaka yake kwa sauti ya chini.

"Yaya, bale bawili, ni miye nilibaambia bakule. Na mudomo yangu. Sasa nitabaangaria namna gani?"



FUNZO

Ndugu zangu, ukipewa kazi ya kupima kitu cha watu, fika mpaka pale wanapokitumia. Uongo wa mtu anayeaminiwa haukai kwake; hubebwa na midomo ya wanaompenda, na hao ndio wanaoanguka. Na ukishagundua kosa lako, sema siku hiyohiyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Uvivu wa Mumba ulidumu mwaka mzima, lakini miguu ya Ngosa iliharibika katika zile wiki tatu alizonyamaza, karatasi za kweli zikiwa kwenye saraka.