Karatasi ya Dawa ya Kupe

Lucia alipalilia mahindi tangu alfajiri, na mgongo ulimuuma. Lakini uchovu wake haukuwa wa jembe tu. Mumewe, Malale, alikuwa hamsemeshi.

Wiki iliyopita watatu kati ya ndama wao walikufa baada ya kunyunyiziwa dawa ya kupe. Aliyesoma karatasi ya dawa ni Lucia, maana Malale hajui kusoma. Karatasi ilisema "myeyusho wa uwiano stahiki". Lucia alibahatisha vikombe viwili vya dawa kwa ndoo moja ya maji. Dawa ikawa kali mno.

Tangu siku hiyo aliacha darasa la watu wazima pale kijijini Sibwesa. Jumamosi mwalimu wake, Immaculata, akamfuata nyumbani.

"Mwalimu, kichwa changu hakifai," Lucia alisema. "Niache nilime."

Mwalimu hakubishana. Aliomba ile karatasi. Kila neno la tano akalifunika kwa kipande cha karatasi alichobandika kwa uji. Yakafichika maneno ishirini. Akamwambia Lucia asome na kutaja yaliyofichwa. Lucia akapata manne. Kisha mwalimu akafanya vilevile kwa kijitabu kipya cha kilimo cha karanga. Hapo akapata kumi na tano.

"Kichwa ni kilekile, Mama Manyanda," mwalimu alimwambia Lucia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ukipata nusu au zaidi, maandishi yanakufaa. Ukipata manne, aliyekosea ni mwandishi."

Malale alikuwa pembeni akisuka kamba. Mikono yake ikasimama.

Jumatatu wote watatu walikwenda kwa Antoni, bwana mifugo, aliyeandika karatasi ile. Antoni alisikiliza habari ya ndama, akainamisha kichwa. Alikiri kwamba alinakili kitabu cha chuoni bila kumsomea mtu yeyote. Akaandika upya karatasi nzima, na penye kipimo akaweka: "Chukua ndoo moja ya maji. Tia kifuniko kimoja cha dawa. Usizidishe." Mwalimu akafunika maneno, Lucia akapata tisa kati ya ishirini. Antoni akazikata sentensi ndefu zilizosalia. Safari hii Lucia akapata kumi na saba.

Jioni ile Lucia alisoma, Malale akachanganya. Asubuhi kupe walikuwa wamedondoka, na ndama wote waliobaki walikuwa wakinyonya.

Malale akamgeukia mkewe.

"Darasa lenu ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi."

"Nenda. Watoto nitabaki nao mimi."