Pedi Safi kwenye Ndoo ya Taka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alifagia kibaraza, akafungua dirisha la chumba ambamo mama yake alishonea nguo za watu, kisha akatoa ndoo ya taka nje. Jina hilo alipewa na mama kwa sababu hakuna habari iliyompita bila yeye kuuliza. Alikuwa na miaka kumi na minne na mdomo usiolala. Lakini jambo moja alikuwa amelifungia kufuli kwa miezi saba: hakuwa akipata hedhi.

Mwezi wa kwanza alifurahi kupumzika. Mwezi wa tatu akaanza kuogopa. Mama alikuwa akimnunulia pedi na kumwuliza, "Umeshaona siku zako?" Naye alijibu, "Ndiyo, mama," kisha akafungua pedi safi, akaizungushia gazeti na kuitupa. Aliona kudanganya ni rahisi kuliko kueleza jambo ambalo hata yeye hakulielewa.

Asubuhi moja paka wa jirani alipindua ile ndoo. Mama alipoinama kuokota taka, gazeti likafunguka mkononi mwake. Akalifungua na la pili. Mwaka huo alikuwa ameipanua sketi ya shule ya binti yake mara mbili kiunoni. Sasa aliweka mambo hayo pamoja, akapata jibu.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini, mama?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Nani amekupa mimba?"

Masikio ya Kiherehere yaliwaka moto. "Sina mimba."

"Uliniambia unaona siku zako. Umenidanganya kwa muda gani?"

"Miezi saba."

"Basi leo nikuaminije?"

Swali hilo lilimkata maini, maana lilikuwa la haki.

"Vua sare," mama alisema. "Shule huendi mpaka nimjue mtu huyo."

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unaanza Jumatatu. Mwingine angeangua kilio. Kiherehere alikunja mikono kifuani akabaki amesimama palepale.

"Sivui. Nimedanganya kuhusu pedi, hilo ni kosa langu na unipe adhabu yake. Lakini kosa ambalo si langu silibebi. Nipeleke hospitali. Wapime mkojo, wapime damu, wapime hata kucha wakitaka."

Mama yake mdogo, aliyekuwa kinyozi, alikuwa mlangoni na mkoba wake wa mashine, tayari kwenda kazini. Aliishi nao hapo nyumbani, na alikuwa amesikia yote.

"Dada, mpeleke," alisema. "Lakini kwanza mtazame kidevu."

Mama akasogea. Chini ya poda nyingi aliyoipaka binti yake aliona vinyweleo vyeusi, vigumu.

"Sasa tazama na changu." Mama mdogo akavua skafu aliyoivaa shingoni mwaka mzima, liwe jua iwe mvua. Ngozi ya chini ya kidevu ilikuwa na makovu madogo ya wembe. "Nawanyoa wanaume kutwa nzima, na kila asubuhi najinyoa mimi kwanza. Miaka kumi na mitano sasa."

"Uliniambia ni vipele vya joto."

"Nilikudanganya. Unakumbuka baba aliponiachisha shule? Alidhani hayo hayo unayodhani wewe leo. Sikuwa na mimba, lakini hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Huyu hafanyiwi hivyo, mimi nikiwa nimesimama hapa."

Mama alichukua kitambaa akamfuta binti yake poda kidevuni, taratibu, kisha akaenda kufunga dirisha la chumba cha kushonea. Wateja wangesubiri.

Hospitalini kipimo cha mkojo kilichukua dakika chache. Hakukuwa na mimba. Mama aliinamisha kichwa, akasema mbele ya daktari, "Mwanangu, nilikuhukumu kabla sijakusikiliza. Nisamehe." Damu nayo ikachukuliwa. Jumatatu Kiherehere aliingia kwenye mtihani na sare yake.

Baada ya wiki mbili walirudi kwa majibu, na mama mdogo akafuatana nao.

"Ovari zenu zinahangaika na homoni ambazo hazijakaa sawa," daktari aliwaeleza wagonjwa wake wawili, mkubwa na mdogo, baada ya kumsikiliza na kumchunguza kila mmoja. "Hedhi inapotea, nywele zinaota usoni, mwili unanenepa haraka. Si laana, si uchafu, na hakuna aliyejitakia. Wanawake wengi wana hali hii. Haiondoki moja kwa moja, lakini inadhibitiwa kwa dawa, chakula bora na mazoezi. Na msimruhusu mtu awaambie kwamba hamwezi kamwe kupata watoto."

"Miaka kumi na mitano," mama mdogo alinong'ona. Alikuwa amekasirika na alikuwa analia.

Walipotoka, mama aliwavuta kando. "Haya mambo yabaki nyumbani. Watu watasema."

"Mama, kuficha ndiko kulikotufikisha hapa," Kiherehere alisema. "Mimi sifichi tena."

Kabla mama hajajibu, mteja wake mmoja aliyekaa kwenye benchi alipaza sauti. "Fundi, kulikoni? Msichana wa shule kliniki ya akina mama?"

Benchi zima likatega masikio. Mama alimtazama binti yake, kisha akamgeukia mteja.

"Homoni zake hazijakaa sawa. Hedhi ilipotea, ndevu zikaota, na mimi nikamwita mwongo na malaya moyoni mwangu. Yeye alikosea kunificha, mimi nikakosea zaidi, maana nilimfanya aogope kusema. Mtoto akiona mwili umebadilika, aseme. Na mzazi akiambiwa, asikilize kwanza. Una swali lingine?"

Mwishoni mwa benchi dada mmoja aliyejifunika mtandio hadi mdomoni aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyo daktari yuko chumba gani?"

"Cha tatu," Kiherehere alisema, akamshika mkono. "Twende nikupeleke."