Korongo Wawili Barabara ya Mosocho

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, muuza maziwa mmoja alikuta gari jeupe limechomeka pua mtaroni, kilomita moja kabla ya soko la Mosocho. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani ya migomba. Nyuma ya gari palikuwa pamebonyea. Vinyago vya mawe ya sabuni, twiga na viboko wadogo, vilikuwa vimetawanyika nyasini kana kwamba vinakula majani. Mwanamke aliyeshika usukani alikuwa macho, ila hasemi neno. Aliyemgonga alikuwa ameshakwenda zake.

Mwanamke huyo ni Celestine Bitutu, mchongaji kutoka kijiji cha Tabaka. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Lakini kesho yake shingo ilikakamaa, kizunguzungu kikaanza, na vidole vikawa vinakufa ganzi kila akishika patasi.

Siku ya kumi na mbili, Koplo Nyangau alifika katika kliniki ndogo mjini Kisii ambako Celestine alikuwa akitibiwa. Persis Bochaberi, mtaalamu wa tiba ya viungo, alimpokea kwenye korido.

"Daktari, huyu mama ameumia kweli? Eksirei iko safi. Ijumaa kesi inatajwa, na Nehemiah anasema hajagonga mtu."

Nehemiah alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alikamatwa siku ile ile ya ajali, taa ya mbele ya lori lake ikiwa imevunjika, na tangu hapo yuko rumande. Alishikilia kwamba aligonga nguzo ya lango la kiwanda.

"Eksirei huona mifupa, afande," Persis alijibu. "Ukigongwa kwa nyuma, mwili hutangulia na kichwa hubaki, halafu kichwa hurushwa mbele. Nyama za shingo ndizo huvutika. Na huyu upande mmoja umeumia kuliko mwingine. Alikuwa amegeuza uso."

"Akiangalia nini?"

"Hajaniambia bado."

Nyangau akaketi kwenye benchi nje ya mlango kuandika.

Chumbani, Persis alimvua Celestine kola ya shingo. "Hii sasa tunaiacha. Shingo hupona ikisogezwa. Geuka kushoto polepole. Ikianza kuvuta, simama hapo, pumua."

Celestine alifumba macho, akageuka. Mvua nyembamba ilikuwa ikisugua mabati. Chini ya vidole vya Persis nyama zilizokaza zililegea kidogo kidogo, na sauti ya Celestine ikatoka kama ya mtu anayezungumza usingizini.

"Daktari, kuna kitu sijui niliota au niliona. Korongo wawili walikuwa wamesimama katikati ya barabara, kwenye ukungu, na zile taji zao za dhahabu. Nikasimamisha gari. Mmoja akavuka kwenda kushoto, nikamsindikiza kwa macho. Halafu dunia ikaruka."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Si watasema kichwa kimeharibika?"

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu Tryphosa, rafiki wa Celestine aliyeimba naye katika kwaya ya kanisa, akirudi kutoka duka la dawa. Tangu ajali ndiye aliyemleta Celestine kila mara, kwa teksi, kwa sababu gari la Tryphosa mwenyewe lilikuwa kwa fundi. Alimsaidia kuvaa sweta, akacheka kwa upole.

"Ukipona, dada, usisimame tena katikati ya barabara kwa sababu ya ndege."

Mikono ya Celestine iliganda ndani ya mikono ya sweta. Persis alikwenda nyuma ya Tryphosa, akamwita kwa jina. Tryphosa akageuka mwili mzima, mabega na kiuno pamoja.

"Mwalimu, hata wewe shingo inakuuma."

"Nililala vibaya."

"Naomba nikuangalie."

Tryphosa alisita, kisha akaketi. Persis aliposogeza ukosi wa blauzi aliona alama ya manjano inayofifia, pana kama kiganja, ikitoka bega la kulia na kushuka kifuani kuelekea kushoto.

"Hii ni ya nini?"

"Matatu ilipiga breki ghafla. Wiki jana. Nilikuwa mbele, upande wa kushoto."

"Mkanda wa abiria wa kushoto hupita bega la kushoto. Anayefungwa bega la kulia ni dereva," Persis alisema, akafungua mlango kwa mkono mmoja. "Afande, njoo usikie. Mwalimu, nani alikuambia habari za ndege?"

Tryphosa alimtazama Celestine.

"Mimi sikukuambia," Celestine alisema.

Tryphosa akafunika uso.

"Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Nilipoinua macho, niliona ndege wanaruka, halafu gari lako. Nilishuka, dada, nikakuona umelaza kichwa. Nikadhani umekufa. Wiki ile ndiyo nilikuwa naanza ualimu mkuu. Nikaona kila kitu kimekwisha, nikakimbia. Gari nikalipeleka Ekerenyo, kwa fundi asiyenijua."

"Na Nehemiah?" Nyangau aliuliza.

"Nilijiambia wataona hana kosa, watamwachilia."

"Siku kumi na mbili," Celestine alisema taratibu. "Ulinishika mkono kila ngazi."

"Sikujua njia nyingine ya kuomba msamaha."

"Kuna moja. Twende polisi tukaandikishe maelezo."

Walikwenda pamoja, na Persis akafunga kliniki akawafuata. Tryphosa aliandikisha maelezo yake mpaka mwisho, akatia sahihi, akabaki kituoni. Kabla ya jua kuzama siku hiyo, Nyangau alipiga simu kutoka Ekerenyo: gari limepatikana, na rangi nyeupe bado iko kwenye bampa ya mbele.

Ijumaa, Nehemiah alitoka mahakamani huru, amekonda, viatu havina kamba. Celestine alikuwa amemsubiri tangu asubuhi na maneno mengi ya kusema, akamkaribia.

Nehemiah alimwangalia shingoni.

"Mama," alisema, "inaendelea vizuri?"

Hapo ndipo Celestine, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu agongwe, alipolia.