Barua za Kituo cha Saba

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi mitambo tuliyezoea kumwita Kidevu. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo tu: kuipanga seva ya barua pepe itunze ujumbe wa vituo vya mbali, mpaka kila kituo kipige simu kuuchukua. Kituo cha saba akakisahau. Mwezi mzima barua zake zikawa zinafutika.

Mke wa mlinzi wa kituo hicho akaja ofisini. "Fundi, mbona mume wangu hajibu? Barua zangu zinamfikia kweli?"

"Zinafika zote, shemeji," Kidevu akajibu, macho chini.

Aibu ikampeleka chumba cha mitambo, kisicho na dirisha, akarekebishe kimyakimya. Alipochomoa tu waya wa simu kwenye modemu, kifaa kinachopokea simu za vituo, umeme ukakatika. Feni zikanyamaza. Katika giza lile modemu ikalia mlio wake wa kukwaruza, kama inayopokea simu. Kisha sauti ya mwanamume ikaanza kusoma taratibu: "Mume wangu, mtoto ameanza kutembea..."

Ikasoma barua zote zilizofutika. Kidevu, mtu mzima, alitamani ardhi immeze.

Sauti ilipokoma, waya aliokuwa ameushika ukavutwa polepole kutoka upande wa ukutani.